Mtupo Ulioitwa kwa Jina la Keti

Mtoto wa Keti alifika kwangu na mama yake ndani ya mkebe. Aliuweka mezani polepole, kati ya sahani ya mandazi na chupa ya chai, akakaa na mikono magotini kama mtu aliyetumwa kuomba msichana. Mjukuu wangu Faith, anayeniita dani, yaani bibi kwa Kijaluo, na anayefundisha shule ya kampuni ya chai hapa, alinitafsiria. Mgeni jina lake ni Ana. Alisema mama yake amekufa huko kwao Amerika, wamemchoma kama alivyotaka, na kabla hajakata roho aliacha neno moja: jivu lake liletwe hapa Kericho, kwenye majani chai, na mtu wa kulimwaga awe Awino. Awino ni mimi. Tena lisimwagwe hivi hivi tu. Nilitupe nyuma ya bega bila kugeuka, kama nilivyokuwa nikitupa majani kwenye kikapu zamani.

Nilimwambia Faith amwongezee mgeni chai. Nilikuwa nimemngoja Keti tangu nikiwa msichana, na miaka yote hiyo nilijua vizuri nitamwambia nini, na sasa amekuja hawezi kusikia. Hilo liliniudhi kuliko kifo chenyewe. Lakini amekuja na haja, na mtu mwenye haja unaweza kumshika. Nilimwambia Faith amweleze mgeni kwamba jibu nitalitoa tukishakula, na kuku bado yuko nje anatembea. Halafu nikaenda jikoni, mahali ninapofikiri vizuri, nikakaa kwenye kigoda nikaupitia ule mwaka wa Keti wote, na kila nilipofika mahali pabaya nilimnyonyoa kuku kwa nguvu zaidi.

Mwaka ule nilikuwa nachuna majani katika kampuni hii hii. Vijana wa leo wamezoea mashine, hawajui kuchuna kwa mkono ni nini. Kikapu kiko mgongoni. Mikono miwili inachuna mbele, majani mawili na kichipukizi chake, na viganja vikijaa unatupa juu ya bega, nyuma, bila kugeuka. Hugeuki kwa sababu kikapu hakijaenda popote. Ukigeuka, macho yanapoteza mstari, majani yanaanguka chini, na nyapara yuko hapo na kelele zake. Ukishakaa msimu mmoja, mkono unatupa wenyewe. Msichana niliyelala naye kitanda kimoja kule laini, nyumba za wafanyakazi, alilalamika kwamba ninampiga makofi usingizini. Mwaka ule mvua ya mawe iliangusha majani mengi, kazi ikapungua, na mama Chebet, Mkipsigis mmoja mwenye maneno ambaye tulikuwa tukichuna mistari ya jirani, akaniambia kuna mwalimu mzungu shule ya wasichana kule juu anatafuta mtu wa kufua na kupika. Nikawa nachuna asubuhi, mchana napanda kwa mwalimu huyo, Keti.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye jiko kubwa la chuma la kuni, na sebule ambayo hapakuwa na kiti kisichobeba nguo. Kwenye kona zilisimama fimbo za mbao zenye nyavu ndogo mwishoni. Mimi nilidhani ni vitu vya kuvulia samaki, nikamwambia, Miss, ziwa liko mbali na hapa. Alicheka mpaka akashika goti, maana goti lake moja lilikuwa bovu. Ndiyo nikaambiwa kuhusu lakrosi. Ni mchezo wa kwao: unadaka mpira mdogo mgumu kwa huo wavu, unakimbia nao ukiubembeleza usianguke, wapinzani wanakukimbiza wakiipiga fimbo yako, na ukifika unautupa golini. Keti ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote pale chuoni kwake. Alikuwa kapteni. Watu walikuja na magari kumwangalia yeye tu. Akaitwa timu ya taifa, akapewa jezi, akajipiga picha nayo. Hiyo picha ilikuwa juu ya kabati ya vyombo. Halafu goti likaumia. Kocha wao, mama mmoja wa nywele nyeupe, alimwambia mbele ya wenzake wote kwamba mguu mzito haurudi kuwa mwepesi, avue jezi. Jezi ile ile akapewa binti wa ndugu ya kocha. Keti alinieleza haya tukimenya viazi, kwa Kiswahili chake cha kuokota okota, na alipofika kwa binti wa ndugu ya kocha alikata kiazi vipande vidogo ambavyo havingeweza kupikwa.

Alikuja Kenya kufundisha, lakini mimi naona alikuja kukasirika mahali ambapo hakuna mtu anamjua. Kila jioni shule ikifungwa alikwenda nyuma ya stoo, akapanga viazi juu ya ukuta mfupi, vile vikubwa vya Londiani, akasimama mbali na fimbo yake akavilenga kimoja kimoja.

"Huyu leo ni nani, Miss?" nilimuuliza nikianua nguo.

"Kocha."

"Jana pia alikuwa kocha."

"Hajafa bado."

Vilivyopasuka niliviokota, nikaviosha, nikavipika na sukuma wiki. Kocha tulimla mara nyingi mwaka ule. Tulimla na binti wa ndugu yake, na daktari wa goti, na mvulana mmoja aliyeacha kumwandikia. Hapo mezani Keti alinifundisha kitu ambacho kanisani hawakunifundisha. Alisema watu watakuambia usahau, lakini anayekuambia usahau ni yule ambaye hakuchukuliwa kitu. Mimi nilikuwa msichana mpole wakati huo. Nilishika neno lake kama watoto wanavyoshika wimbo.

Siku moja mpira ukaruka ukutani ukaja mpaka miguuni pangu. Nilikuwa na shuka mkononi. Aliniambia niurudishe kwa fimbo, akanirushia fimbo ya pili. Niliuchota kwa wavu kama alivyokuwa akifanya, na kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye shuka, mkono ukafanya kile unachojua. Ukatupa nyuma ya bega. Nilimpa ukuta mgongo, sikuuona mpira ukienda. Nilisikia tu kiazi kikipasuka. Keti alianza kucheka, kisha akauendea ukuta. Akaweka kiazi kingine.

"Rudia."

"Miss, nguo zitanyeshewa."

"Ziache zinyeshewe. Rudia."

Nilirudia mpaka sukuma ikaungulia ndani. Siku hiyo alikula ugali na chumvi, na hakujua anakula nini. Alieleza kwa mikono miwili, mdomo umejaa. Golini kuna mtu anayelinda, na huyo mtu anasoma macho yako na kifua chako. Anajua mpira unakwenda wapi kabla hujautupa. Lakini mtu aliyempa mgongo, anayekimbia kama anayeondoka, huyo hana cha kusomwa. Mtu wa goti bovu hawezi kumzunguka mlinzi kwa mbio, ila anaweza kumpa mgongo. Kwao hakuna mtu anatupa hivyo, alisema. Alinishika mashavu na vidole vya ugali.

Baada ya hapo mwalimu alikuwa mimi. Hakuweza. Alikuwa anageuka, kidogo tu, kidevu kinakwenda kwenye bega, na mpira unaangukia kwenye nyasi. Nikamvalisha kikapu changu. Nikamshusha mpaka kwenye mistari asubuhi na mapema, nikamwambia achune na sisi mpaka mkono usahau kwamba ni wake. Wanawake walikaa chini kwa kucheka. Mama Chebet alisimama akamwangalia akitupa majani nje ya kikapu, upande wa kushoto, upande wa kulia, mengine yakimwangukia nyapara kwenye kofia.

"Awino, huyu mzungu wako anachunia nani? Anachunia ng'ombe?"

"Anajifunza, mama."

"Ajifunze kwa majani ya kwao basi. Haya yangu yananipa unga."

Lakini alijifunza. Ilichukua masika na kiangazi na mvua nyingine. Kidevu kikaacha kugeuka. Siku alipopasua viazi vyote vya ukutani akiwa amevipa mgongo, mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati hata hatukusikilizana, na tulikula chapati na maharagwe tumekaa sakafuni karibu na jiko. Alinipigia kelele sikioni nisikie. Tutaenda wote, alisema. Nitakupeleka. Nitakusimamisha mbele ya watu wangu niwaambie mwalimu wangu ni huyu. Sikuomba. Hilo nataka lijulikane, sikumwomba hata siku moja. Aliniambia niache kuchuna ili tujitayarishe, nikaacha. Alinipeleka Kericho mjini kwa mpiga picha, nipigwe picha ya pasipoti, nikavaa koti lake, mikono ikanipita vidole. Nilikwenda kwa nyapara mbele ya wote, nikarudisha namba yangu ya kazi, nikasema mimi ninaenda Amerika. Namba ilipewa mtu mwingine siku hiyo hiyo, maana waliokuwa wanangoja kazi walikuwa wengi.

Simu ya kumwita Keti kutoka kwao iliingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Kocha mpya alikuwa amechukua timu, na watu wakamkumbusha kuna Keti. Alipanga vitu vyake akiimba. Nilimkunjia nguo, na kila nguo niliyokunja nilijua sasa atasema kuhusu yangu. Mlangoni alinikumbatia, akasema ngoja, tiketi itakuja. Akaniachia fimbo moja. Kikapu changu alikibeba yeye.

Nilingoja. Mwanzo nilikuwa napanda kule shule kila wiki kuuliza, nimevaa viatu, nikiogopa wasije wakasema tiketi ilifika nikiwa sipo. Baadaye mwalimu mkuu akawa ananiona kwa mbali anaingia ndani. Nikarudi kwa nyapara. Alinipa kibarua cha kung'oa magugu, kazi ya watoto na wazee. Niliinama katikati ya mistari ambayo nilikuwa nachuna, na wanawake wakapita juu yangu na vikapu.

"Amerika, ndege imekosa mafuta?"

"Mwache, anaangalia barabara ya huko chini ya majani."

Jina likashika. Niliolewa nikiwa Amerika, nikazaa nikiwa Amerika, watoto wangu wakaitwa watoto wa Amerika, na mpaka juzi wazee wa hapa laini hawakuwa na jina lingine la kuniita. Ile fimbo niliipasua kwa shoka nikapikia ugali. Ilikuwa mbao nzuri, iliwaka polepole. Wavu ulinuka.

Nilipomtia kuku sufuriani, Ana alichungulia jikoni akasema kitu. Faith alisema anataka kusaidia. Nilimpa vitunguu akate. Anakata kama mama yake, anashika kisu kama kalamu. Ana macho ya Keti pia, na nilimwonea hasira kwa hayo macho, ingawa yeye wakati ule hakuwa amezaliwa. Nilikuwa namwangalia nikikumbuka ile video. Ni Faith aliyeileta, miaka michache iliyopita. Alikuwa amechoka kusikia watu wakiniita Amerika, akatafuta Keti kwenye simu yake akampata. Ndipo nikajua yaliyofuata. Keti alirudi timu ya taifa. Mechi ya kwanza alimpa mlinzi mgongo akatupa nyuma ya bega, na watu wote uwanjani wakasimama. Alicheza miaka na miaka kwa goti lile bovu. Akawa kocha, akafundisha wasichana wengi mtupo huo, na mtupo wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Hata leo watoto wa huko wakitupa hivyo wanasema wametupa Keti. Kuna jumba wanaloweka picha za wachezaji wakubwa, na yake iko. Kwenye video amezeeka, amevaa vizuri, ukumbi umejaa, na mtu anamuuliza mtupo ule aliutoa wapi. Keti anacheka. Anasema aliuvumbua mwenyewe, jioni moja, akirusha mpira ukutani nyuma ya nyumba ya baba yake. Watu wanapiga makofi. Faith alinitafsiria hayo akiwa ameangalia chini. Nilimwambia arudie, nikidhani labda amekosea. Hakukosea.

Tulikula. Ana alikula vizuri, akasifu kuku. Nilinawa mikono, nikamwambia Faith sasa atafsiri neno kwa neno, asipake sukari.

"Mama yako alikwambia mtupo ule ni wa nani?"

"Ni wako," Ana alisema.

"Alikwambia lini?"

"Siku za mwisho. Hospitalini."

"Mlikuwa na nani?"

"Mimi na yeye tu."

"Na siku ile ya ukumbini, aliposema ni wake, kulikuwa na nani?"

Faith alinigeukia. "Dani, si basi? Mtu amefiwa."

"Tafsiri."

Akatafsiri. Ana aliangalia ule mkebe kama mkebe ungemsaidia. Alisema kulikuwa na watu wengi.

"Basi uongo aliupa ukumbi mzima," nilisema, "na ukweli akampa mtoto wake chumbani, mlango umefungwa. Tena kuna jambo lingine hujui kwa sababu hakuna aliyekwambia. Hapa hatuziki. Sisi watu wa ziwa tumechuna majani haya tangu wazazi wetu, na hakuna hata mmoja tuliyemwacha chini ya chai. Mtu akifa laini tunachanga, tunatafuta gari, tunampeleka kwao, hata akiwa mtoto mchanga. Ardhi hii ni ya kampuni, na kabla ya kampuni ilikuwa ya akina mama Chebet. Mimi mwenyewe nitabebwa. Mama yako ni nani, alale mahali ambapo mimi siwezi kulala?"

Faith alitafsiri kwa sauti ndogo. Ana alilia, na mimi nilimwacha alie, sikumpa hata kitambaa. Alipomaliza aliuliza kama kuna kitu anaweza kufanya.

"Kipo. Rudi kwenu. Simama pale aliposimama, mbele ya wale wale, useme."

"Watasema mama yangu ni mwizi."

"Ndiyo."

Chai ilipoa mbele yake. Alisema mama yake alikuwa mtu mzuri, alilipia wasichana wengi shule, alikuwa anakaa na wagonjwa. Nilimwambia sikatai. Hao wasichana walipata, mimi sikupata, na sijaja kwake kuomba. Yeye ndiye aliyekuja kwangu. Akainuka akashukuru kwa chakula, maana amelelewa vizuri, akatoka akaingia kwenye gari. Mkebe aliuacha mezani. Labda alifikiri nikikaa nao nitalainika, nitaingiwa na huruma, nitautoa nje jioni mwenyewe.

"Faith, kimbia na hiyo kitu getini. Mwambie amesahau mama yake."

Faith alikwenda. Hakuongea na mimi mpaka Jumapili, na Jumapili aliongea kwa sababu ya kanisa. Alisema nina moyo wa jiwe. Nilimwambia jiwe halichukuliwi kirahisi. Nilimwambia pia kwamba kama Keti angekuja na miguu yake, hata mzee, hata na fimbo ya kutembelea, akakaa kwenye kile kiti akasema Awino nilikukosea, ningemchinjia na ningemsamehe, labda. Sina hakika. Lakini mtu kunikosea akiwa hai halafu kuniomba msamaha akiwa jivu, hapo amenipunja mara ya pili, maana hata kumtukana siwezi.

Majani yamechunwa mara nyingi tangu hapo. Juzi Faith aliingia amebeba simu kwa mikono miwili. Ni Ana. Amesimama katika ule ukumbi, nyuma yake kuna picha ya Keti na fimbo, amevaa nguo nyeusi, ameshika karatasi. Anasema jina langu. Anasema Kericho, anasema majani chai, anasema kikapu, anaonyesha kwa mkono juu ya bega. Anasema mama yake aliahidi akamwacha msichana akingoja, akachukua kitu cha huyo msichana akakiita chake mwenyewe. Mzee mmoja wa mbele anainuka anatoka nje. Wengine hawapigi makofi, wanakaa tu. Nilimwambia Faith arudie, akarudia, na nikamtuma amwite mama Chebet, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo na anaona jicho moja. Mama Chebet aliinamia simu mpaka pua ikaigusa. Aliangalia mpaka mwisho.

"Kumbe ilikuwa ni kweli," akasema. "Awino, kumbe ulikuwa uende."

Nilimmiminia chai. Alikunywa, akajikokota akarudi kwake, na nilimsikia njiani akimweleza mtu.

Sisemi sikusikia kitu moyoni. Nilisikia. Nilikaa kwenye kigoda changu na mkono wa kulia ulikuwa unauma pale begani, kama umefanya kazi. Faith alikaa karibu nami, amefurahi, ananitazama kama mtoto anayengoja mandazi. Alisema Ana ameandika. Ameshafanya nilichomwambia, na sasa anauliza kama anaweza kuja na mama yake, na aje lini, apange safari.

"Mwambie angoje," nilisema.

Aliandika. Simu ikalia tena hapo hapo. Watu wa huko hawalali.

"Dani, anauliza angoje mpaka lini."

"Usimwambie. Mimi sikuambiwa."